Chungu cha Ajuza wa Madina



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba na njaa kisha akatuumbia cha kuituliza. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake wote. Naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, tumche Allah kwa siri na kwa dhahiri. Na uchamungu wa leo nataka tuupeleke jikoni, maana huko ndiko riziki yetu inakokwisha, na sisi wanaume huko hatuendi.

Leo ni Ijumaa. Wamo humu ambao miili yao iko kwenye safu na pua zao zimeshatangulia nyumbani. Hapa kwetu Tanga, Ijumaa bila pilau watu huona kama sala yenyewe imepungua kitu. Na mwenye nyumba ambaye wiki hii mambo hayakumwendea, asubuhi alishapita dukani kuandikisha kwenye daftari: mchele kilo mbili, mafuta, nyama nusu kilo, na soda za watoto. Deni hilo atalilipa Jumatano akijaaliwa. Kuanzia kesho mpaka Jumatano nyumba itakula ugali wa sembe kwa mchuzi wa nyanya mbili, na asubuhi chai ya rangi.

Sasa tuwatazame walioswali Ijumaa nyuma ya Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie. Sahl bin Saad as-Saidi, radhi za Allah zimfikie, alikuwa kijana wa miaka 15 hivi Mtume alipofariki, na akaishi sana, akawa miongoni mwa masahaba wa mwisho kufia Madina. Bukhari amepokea kutoka kwake kwamba palikuwa na ajuza mmoja aliyepanda mboga iitwayo silq, jamaa ya spinachi, kandokando ya mifereji ya shamba lake. Ikifika Ijumaa aling'oa mizizi ya mboga ile, akaitia chunguni, akasaga konzi ya shayiri akaimimina juu yake. Basi. Mizizi ndiyo iliyokuwa nyama ya chungu kile. Masahaba wakitoka kuswali walipita kwake, wakamsalimia, naye akawakaribisha, wakala mpaka wakaramba. Katika mapokezi mengine Sahl anaapa kwamba hamkuwa na shahamu wala mafuta. Na anasema walikuwa wakiisubiri Ijumaa kwa hamu kwa sababu ya chakula hicho.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na kila mara kinanishangaza jambo moja: hatusikii kwamba yule mama aliomba radhi. Hakusema, "Jamani, leo hakuna kitu, ni mizizi tu." Alitenga alichokuwa nacho, na mabwana wale, ambao ndani yao mlikuwa na watu waliopigana Badri, wakakaa wakala. Mzee kama Sahl, baada ya miaka yote ile, baada ya Waislamu kufungua Sham na Misri na Iraki na meza kujaa kila aina ya vinono, akiulizwa Ijumaa za utotoni kwake anakumbuka mizizi ya mboga.

Ninachotaka kusema leo ni kimoja. Chakula kinachojenga mwili hapa kwetu bado kinapatikana kwa pesa ya mtu wa kawaida. Kinachotumaliza ni aibu ya kuonekana tunakila. Asiye na kitu kabisa simsemi hapa. Haki yake nitaifikia, na iko shingoni mwetu sisi. Nawasema sisi tulio na kidogo, ambao kidogo hicho tunakipeleka kusiko.

Anzeni na unga. Huyo huyo Sahl aliulizwa na mwanafunzi wake Abu Hazim kama Mtume aliwahi kula mkate wa unga mweupe uliochekechwa. Akajibu kwamba Mtume hakuuona unga huo tangu alipopewa utume mpaka Allah alipomchukua. Je, mlikuwa na chekeche? Hakuliona hilo pia. Sasa shayiri isiyochekechwa mliilaje? Akasema waliisaga, wakaipuliza, kilichopeperuka kikapeperuka, kilichobaki wakakikanda wakala.

Dona, ndugu zangu. Masahaba walikula dona ya shayiri. Leo ukimwekea mgeni ugali wa dona unaanza kujitetea kabla hajanawa mikono. Sembe limekuwa cheo. Na mashine inapokoboa mahindi inaondoa ganda na kiini, na humo ndimo mlimo na mafuta mazuri ya nafaka, sehemu kubwa ya vitamini na zile nyuzi zinazolisafisha tumbo. Tunalipa ukobozi juu ya usagaji ili tupunguziwe chakula, na pumba zile anapewa kuku na ng'ombe, ambao wao hawana aibu. Mwenye kisukari akienda kliniki anaambiwa arudi kwenye dona. Arudi alikokuwa babu yake bila ya kuambiwa na mtu.

Ila hapa nataka niwatahadharishe, maana mawaidha yanayomponza mtu si mawaidha. Dona ya mahindi yaliyolowa na kuota ukungu ni sumu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwamo kwenye mahindi, na sumukuvu haiondoki kwa kupika, hata ugali uive vipi. Karanga nazo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mahindi yachambuliwe kabla ya kwenda mashineni, punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye vumbi la ukungu zitolewe na zitupwe, na yaliyobaki yakaushwe vizuri. Na muuza karanga anayesaga zile mbovu kwa kuwa zikishasagwa hazionekani, ajue kuna Mwenye kuona. Mtume alipita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakutana na umajimaji uliofichwa chini. Alichomwambia mwenye mali yule mnakijua: mwenye kughushi si katika sisi.

Kushiba peke yake hakutoshi, na nitawapa ushahidi wa nchi yetu wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani kimo chao hakikufikia umri wao, na mtoto aliyedumaa akilini pia huathirika. Mkoa ulioongoza mnaudhania upi? Ule wenye ukame? Ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto wake, na nyuma yake Njombe na Rukwa. Hiyo ndiyo mikoa inayoilisha nchi mahindi! Maghala yamejaa na watoto wamedumaa. Mtoto anapewa ugali asubuhi, ugali mchana, ugali usiku, tumbo linajaa mpaka linang'aa, na mwili ndani unalia njaa ya vitu vingine. Tusiwacheke watu wa Iringa. Mtoto wetu wa Ngamiani aliyekunywa chai ya sukari vijiko vitatu kwa mkate mweupe asubuhi, na mchana wali mweupe kwa mchuzi mwepesi, yuko njia ile ile.

Hivyo vitu vingine ndivyo tunavyovionea haya. Nendeni soko la Mgandini mkavitazame: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, majani ya kunde, mnavu, mchunga, mlenda, bamia. Bei ya soda moja inakupatia mafungu ya mboga yanayotosha nyumba, na ndimu juu yake. Chupa ile ya soda ina sukari karibu vijiko tisa vya chai, na zaidi ya sukari hamna kitu. Mnyweshe mtoto maji, mnunulie chungwa. Msimu ukifika, machungwa ya Muheza yanarundikwa kando ya barabara yakiuzwa bei ya kutupa, na sisi tunayapita ndani ya daladala tukinywa maji ya rangi ya chungwa kutoka kiwandani. Ubuyu nao, tunda la mbuyu wetu wenyewe, lenye vitamini C tele, hatuuli mpaka upakwe rangi nyekundu na kuzamishwa kwenye sukari. Juisi ya ubuyu mweupe mama anaweza kuitengeneza kwa pesa ndogo sana. Wanaouza mbele ya madrasa wanasikia, na mimi ni mteja wao, tusamehane.

Kisha kunde, choroko, maharage, fiwi, njugu mawe, mbaazi. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua kutoka nje, bei ilianguka, na wakulima wa Lindi na Mtwara wakabaki na magunia. Nchi nzima ikasikitika kwamba mbaazi hazina soko. Wachache waliuliza mbona sisi wenyewe hatuzili, zaidi ya zile za nazi za asubuhi kwa maandazi. Wahindi walizinunua kwa sababu wanajua ni chakula. Tajiri wa Mumbai anakula dengu na mbaazi mchana kweupe, wala haoni kwamba ameshuka. Kwetu, mtoto wa shule akifungua kibakuli chenye maharage wenzake wanamwimbia.

Ndugu zetu Wapare na Wasambaa wana kande: mahindi na maharage chungu kimoja. Wataalamu wa lishe wamekuja baadaye na kutueleza kwamba kinachopungua kwenye protini ya mahindi kimo kwenye maharage, na kinachopungua kwenye maharage kimo kwenye mahindi, vikikutana vinafanya kazi inayokaribia ya nyama. Wali kwa choroko ni vivyo hivyo, na ugali kwa kunde pia. Nyama ni neema, na Mtume aliila na kuipenda. Isipokuwapo, nyumba haijapungukiwa heshima.

Dagaa tuwaseme peke yao, maana wamedhulumiwa. Dagaa wa Mwanza, dagaa wa Kigoma, na uono wa hapa pwani: samaki mzima unamla na kichwa na mifupa, na kwenye ile mifupa ndimo unamopata madini ya kujenga mifupa ya mtoto wako. Minofu ya samaki mkubwa haikupi hilo. Waoshwe mchanga vizuri, wakaangwe kidogo na nyanya na kitunguu, ikamuliwe ndimu. Ukiwasaga, kijiko kimoja kwenye uji au kwenye ugali laini wa mtoto kinatosha kuubadilisha. Na wenye kuku nyumbani, nimewaona vijijini wakiuza mayai yote ili wanunue soda na biskuti za watoto. Biashara hiyo, wallahi, sijui ni nani aliyetufundisha.

Anas bin Malik, radhi za Allah zimfikie, anasimulia kwamba fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume, akamtengea mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama iliyokaushwa. Anas akamwona Mtume anavifuatafuata vipande vya mumunye pembeni mwa sahani. Anasema tangu siku ile na yeye akalipenda mumunye. Nyama ilikuwamo, na mkono wa Mtume ukawa unatafuta mumunye! Na Anas alikuwa kijana mdogo wa kumtumikia Mtume. Alilipenda kwa kuwa alimwona mkubwa wake analipenda. Baba anayeisukuma sahani na kusema "leo tena mchicha?" mbele ya watoto wake, asishangae watoto wakikataa mboga. Mtume hakuwahi kukitia ila chakula. Alipokitamani alikula, asipokitamani alikiacha, kimya.

Dada zetu na mama zetu mlioko upande wa pili wa pazia, haya machache ni yenu, ingawa mengi mnayajua kutuzidi. Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, zisichemshwe mpaka zikawa matope, na maji yake yasimwagwe. Kisamvu hicho kitwangwe na kichemshwe sawasawa, hakina mkato, maana kibichi kina sumu yake. Maharage yalowekwe usiku na maji yale yamwagwe asubuhi. Yataiva kwa nusu ya mkaa, na siku hizi mkaa ni kitoweo cha pili kwa bei. Chai iachwe mbali kidogo na chakula, kwa sababu chai hukizuia chuma cha mboga na maharage kisiingie mwilini, na ndimu au chungwa hukisaidia kuingia. Kwa mama mjamzito aliyeambiwa damu yake ni ndogo, hilo peke yake ni faida. Chumvi iwe ya madini joto, itiwe mwishoni, na kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima. Vile vidonge vya kuongeza ladha mchuzini navyo ni chumvi, vihesabiwe. Presha haikuanza kutusumbua bila sababu.

Na gunia bovu au ndoo iliyotoboka, tieni udongo na samadi, mpande mchicha uani. Mwezi hauishi mnachuma. Mtume ametufundisha kwamba Muislamu hapandi mche, akala humo ndege au mtu au mnyama, isipokuwa huandikiwa sadaka. Kuku wa jirani akiuvamia mchicha wako, basi, kabla ya kumrushia jiwe, kumbuka umeshalipwa.

Kuna wanaoshindwa kununua fungu la mchicha lakini kabatini kwao mna chupa ya habasoda, mkebe wa unga wa mlonge na asali ya bei mbaya, vyote vimenunuliwa kwa mtu aliyeahidi vinatibu kila kitu. Habasoda siikatai, hadithi yake ni sahihi. Mlonge nao ni mboga njema, na mti wake uko uani kwa jirani, ombeni majani mpike. Ninachokataa ni mtu kuacha chakula akakimbilia dawa ya kuziba pengo la chakula, tena kwa kukopa.

Sasa niwageukie wenzangu wanaume, na naomba msikasirike. Mtu anaacha shilingi 5,000 ya kodi ya meza kwa roho sita. Kisha anatoka, anapita kwenye kibanda, supu ya ng'ombe, chapati mbili, na kinywaji cha kushushia. Ametumia peke yake karibu nusu ya alichoacha. Akirudi jioni anauliza kwa nini pamepikwa matembele. Watoto wake asubuhi walikunywa chai ya rangi kwa kitumbua kimoja kimoja. Supu si haramu. Lakini Hind bint Utba alipomlalamikia Mtume kwamba mumewe, Abu Sufyan, anambania matumizi, Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kile kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Maana yake ni kwamba kile kinachowatosha wao kilikuwa ni chao. Ametufundisha pia kwamba katika dinari unayoitoa kwa jihadi, na ya kumkomboa mtumwa, na ya kumpa maskini, na unayoitumia kwa ahali zako, yenye ujira mkubwa ni hii ya mwisho. Supu hiyo ukiigeuza mayai na maziwa ya nyumbani mara tatu kwa wiki, hesabu ya thawabu wewe mwenyewe uifanye.

Na finyango zigawiwe kwa haki. Desturi yetu ni baba paja, wageni kidari, watoto mchuzi, na aliyepika masalio. Mwili unaohitaji zaidi ni wa mtoto anayekua na mama anayebeba mimba au kunyonyesha. Baba ameshakua, na wengine wetu tumekua kwa mbele mpaka kanzu zinalalamika. Mtume alituonesha kipimo: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Kama kwako mna binti wa kazi, ale mnachokula. Hadithi ya sahaba Abu Dharr katika hilo ni kali, wala haina njia ya kuikwepa.

Deni la kula ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtume alikuwa akijikinga kwa Allah na madeni ndani ya sala zake, na sisi tunalitafuta deni ili watu waseme tumealika. Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muuta, mwaka wa nane wa Hijra, Mtume aliamrisha watu wa Jaafar ndio wapikiwe, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Kwetu aliyefiwa ndiye anayepikia mtaa. Sitaki leo kuingia kwenye mjadala wa hitima, wanazuoni wana maneno yao. Nauliza tu: yule mjane akishawalisha watu mia pilau, mwezi unaofuata watoto wake wanakula nini, na nani kati ya wale mia anapita kuuliza?

Hapo ndipo nilipoahidi kufika. Yupo katika mtaa wetu ambaye maneno yangu yote ya dona na dagaa kwake ni anasa, kwa sababu leo hana cha kutia chunguni. Huyo asiambiwe zuhudi. Ni kweli Bi Aisha, radhi za Allah zimfikie, alimsimulia Urwa, mtoto wa dada yake, kwamba miezi ilikuwa ikiandama bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume, wakiishi kwa tende na maji. Lakini muisome hadithi mpaka mwisho: anasema walikuwa na majirani wa Kiansari wenye mifugo ya maziwa, wakiwaletea. Majirani walijua. Mtume alimwusia Abu Dharr akipika mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani. Hakumwambia ongeza nyama. Maji kila mtu anayo. Mchuzi mwepesi unaofika nyumba mbili ni bora kuliko mzito uliofungiwa mlango. Na Suratul-Maun imemuweka asiyehimiza kulishwa maskini pamoja na mwenye kuikadhibisha dini. Kuhimiza tu, ambako hakugharimu senti.

Kuna jambo la mwisho, na hili kamati ya msikiti imeshalizungumza. Mnyonge ndiye anayenunua ghali. Mwenye uwezo anachukua mafuta kwa dumu, mnyonge anachukua kipimo cha mchana na kipimo cha jioni, na ukijumlisha, kila lita yake imemgharimu zaidi. Maharage vivyo hivyo kwa kopo, tena makopo mengine yamebonyezwa kitako, na Suratul-Mutaffifin imeshuka kwa ajili ya watu hao. Mahindi na maharage mapya ya Nyanda za Juu Kusini yanaingia sokoni kuanzia Juni na Julai, na hapo bei hushuka. Ikifika Januari mkulima yule yule aliyeuza ananunua alichouza. Wanawake wetu wana michezo ya pesa wanayoiendesha kwa uaminifu kuliko benki. Tumewaomba watufundishe. Mpango wenyewe ni huu: watu kumi wanachanga, linanunuliwa gunia, halina lumbesa, linapimwa kwa mizani mbele ya wote, kila mmoja anachukua kilo zake kwa bei ile ile iliyonunuliwa. Hakuna faida ya mtu, hakuna riba, na hasara ikitokea ni ya wote. Katika kila gunia kilo tano zinawekwa kando kwa wasioweza kuchanga, na majina yao atayajua imamu peke yake.

Muadhini ameshanitazama mara mbili. Biashara haifanywi ndani ya msikiti, na adhana ikiita haifanywi popote, kwa hiyo wenye nia wamwone mweka hazina baada ya sala, nje, kwenye baraza ya madrasa. Dada zetu wanaandikishwa kwa mwalimu wa watoto, mlango wa nyuma. Gunia la kwanza ni la maharage, litapimwa Jumapili baada ya alfajiri. Mje na vyombo vyenu.